Sare za Wanawake wa Makumbusho

Jina la Mkasi alipewa na wateja kwa ajili ya ulimi wake, wala si kwa ufundi wake wa cherehani. Na siku ya kile kikao pale makumbusho, jamani, ulimi huo ulifanya kazi.

Alikuwa ameitwa abuni sare za wanawake kumi na mmoja wa pale, mdogo wake wa tumbo moja akiwemo. Akafanya kazi kama mtu mwenye akili zake. Hakuwapima wamesimama wima kama milingoti; alishinda siku tatu akiwafuata na tepu mkononi, huyu kachuchumaa anafuta vioo vya makabati, yule yuko juu ya ngazi anapangusa vinyago. Akaja na suruali pana, msamba wenye nafasi, mifuko mirefu ya funguo na tochi.

Mkurugenzi akaishika kwa vidole viwili. "Wageni wanakuja kuona vitu vizuri. Mimi nataka sketi. Ya kubana, iishie juu ya goti. Na hiyo mifuko inaharibu umbo."

"Umbo la nani, mzee? Hawa ni wafanyakazi, au na wao ni vinyago?"

Akawageukia wenyewe waseme. Thubutu! Wote kumi na mmoja wakaufyata. Mdogo wake, aliyekuwa akimlilia kila jioni kuhusu kupanda ile ngazi na sketi, alikuwa anakagua kucha zake. Kazi akapewa fundi mwingine.

Mkasi alirudi kwenye kibanda chake na hasira zake. Mkurugenzi alikuwa mpumbavu wa kawaida tu, wapo tele. Lakini mdogo wako mwenyewe! Damu nzito kuliko maji, wanasema. Siku ile ilikuwa maji matupu. Mwezi mzima hakupokea simu yake.

Halafu mchana mmoja mdogo mtu akaingia kibandani, kajifunga koti kiunoni. Sketi ilikuwa imeachia mshono wa nyuma, kutoka chini mpaka juu.

"Nilikuwa juu ya ngazi, dada. Chini kuna darasa zima la watoto wa shule. Walicheka mpaka mwalimu wao naye akacheka."

"Mpelekee aliyeishona."

"Dada..."

"Usiniite dada! Nilisimama peke yangu kama mwendawazimu, nawagombea watu wazima wenye midomo yao! Wewe wako ulikuwa wapi?"

"Niliogopa kufukuzwa. Nina watoto, unajua."

"Haya, ivue niizibe, ukapande tena." Mkasi alikwisha kutia uzi kwenye sindano.

Mdogo mtu akaivua, lakini hakumpa. Akaitupa sakafuni.

"Sikuja kuzibiwa. Nishonee suruali."

"Atakufukuza yule."

"Na anifukuze," akasema, machozi yakimtoka. "Heri nifukuzwe nimevaa nguo."