Mvuke wa Majani Kifuani mwa Baba

Mashine ya kwanza mdogo wangu wa kiume aliileta siku ya Ijumaa, baada ya sala. Alisukuma pembeni sahani nilizokwisha kuzipanga mezani, akaweka sanduku lake pale pale kando ya wali, wala hakuniuliza. Baba alikuwa kwenye kochi lake, anahema juu juu kama alivyozoea.

"Baba, nimekuletea kitakachokuponya kifua."

Neno hilo, kitakachokuponya, linanichoma mpaka leo.

Baba yetu aliondoka Unguja akiwa kijana, akaja Dubai, akafanya kazi ya kupulizia magari rangi katika karakana moja ya Al Quoz mpaka nywele zikawa nyeupe. Arbab wake, mwenye karakana, hakumpa hata barakoa. Alijifunga puani kilemba kikuukuu, jioni akirudi tunakuta kamasi zake zina rangi ya gari la siku hiyo. Alipoacha kazi, kifua kilikuwa kimeshaharibika. Hospitali walimpa pampu mbili za kuvuta: moja ya kila siku, nyingine ya pale anapobanwa. Mama alishatangulia mbele ya haki. Mimi, baada ya talaka yangu, ndiye niliyebaki naye hapa Mirdif. Asubuhi nakwenda ofisini, kwenye shule moja hapo Al Warqa, na jioni narudi kwa baba. Mdogo wangu alikuwa anaishi Marina. Aliacha kazi ya hoteli, akafungua kibanda cha kuuza mashine za mvuke wa majani.

Ile ya kwanza ilikuwa kiboksi cha umeme chenye bomba la kioo na mpira mrefu wa kuvutia. Alitia ndani zaatari, nanaa na majani makavu ya mkaratusi, akasubiri ipate moto, akampa baba mpira.

"Haichomi, baba. Inapasha tu. Moshi hakuna, ni mvuke mtupu."

Kisha akaanza kutusomesha, kwa sauti ile ile anayotumia kwa wateja. Watu wa kale, alisema, walikuwa wanamwaga majani juu ya mawe ya moto ndani ya hema na kuvuta hewa yake. Baadaye Wazungu wakatengeneza majagi ya kaure yenye mdomo, mgonjwa anatia maji ya moto na dawa, anavuta. Halafu ukaja umeme. "Na bibi yetu je? Si alikuwa anajifukiza? Hii ni ile ile, imeendelea tu."

Bibi yetu alikuwa anachemsha maji na majani ya mrehani, anajifunika shuka, anatoka jasho, mafua yanalegea, basi. Maji! Hakuwahi kuoka majani makavu na kuyavuta mpaka ndani ya mapafu. Nilimwambia hivyo. Akacheka, akasema, "Dada, wewe kila kitu kipya unakiogopa."

Siku chache baadaye nilitafuta habari za mashine hizo mwenyewe, kwenye simu, wakati wa mapumziko ya kazini. Hayo ya mawe na majagi niliyakuta. Nilikuta na sehemu aliyoiruka. Mashine hizi za sasa, nyingi walizianzisha watu waliotaka kuvuta bangi bila ya moshi wake. Walikuwa mafundi wa vichochoroni, na baadhi yao walianza na ile hita ya mkono inayopuliza hewa ya moto, ya kubandulia rangi. Nilirudi nyumbani nikamsimulia baba. Nilidhani atakasirika kama mimi.

"Hita ya kubandulia rangi?" akauliza. "Ile tuliyokuwa nayo karakana?"

"Hiyo hiyo."

Akatabasamu. "Basi nimerudishwa kazini."

Akaendelea kuvuta.

Haukupita muda mrefu, mdogo wangu akaja na mashine ya pili. Hii ilikuwa inapuliza mvuke ndani ya mfuko mwembamba, unatuna kama puto, baba anauchukua na kuunyonya taratibu. Nikauliza ile ya kwanza ina nini. "Ile moto wake haudhibitiki," akasema. "Ilikuwa inaunguza majani." Alilisema kama mtu anayekwambia mvua imenyesha. Ina maana wakati wote ule alipokuwa akituapia kwamba haichomi, ilikuwa inachoma, na baba yangu alikuwa anavuta moshi.

Ya tatu ilikuwa ndogo ya kutia mfukoni, ya betri. Na ile ya mfuko? "Ile plastiki, dada, si nzuri kupashwa moto kila siku." Hapo ndipo nilipoielewa biashara yenyewe. Ubovu wa mashine unajulikana siku inapokuja mpya ya kuuzwa. Kabla ya hapo ni salama, ni ya kisasa, wallahi haina madhara. Na kila hatua ya maendeleo yao ilipitia kifuani mwa baba yangu.

Kisha akamrekodi. Nilikuwa kazini. Niliiona video kwenye simu ya mwenzangu wa ofisini, Mkenya, aliyeniita kwa furaha: "Si huyu ni mzee wako?" Alikuwa ni baba, kavaa kanzu nyeupe na kofia ya kiua, anavuta, anatoa mvuke, anasema kwa Kiswahili na kwa Kiarabu kwamba sasa anapumua vizuri, Alhamdulillahi. Chini ya video watu wanauliza bei.

Alikuwa hapumui vizuri. Mimi ndiye niliyekuwa nikimsikia akipanda ngazi.

Siku baba alipozidiwa nilirudi kutoka kazini alasiri, nikamkuta amekaa kwenye kizingiti cha choo, mikono juu ya magoti, midomo imegeuka rangi. Hakuweza kutamka neno. Nilipiga simu ya gari la wagonjwa huku natafuta pampu yake kwenye droo ya kando ya kitanda. Niliikuta ile ya kila siku. Kizibo kilikuwa na vumbi.

Hospitali daktari, mama mmoja wa Kisudani, alimtuliza kwanza, mashine ya hewa usoni, sindano, mpaka rangi ikarudi. Kisha akamuuliza kwa upole, "Ya hajji, dawa ya kila siku unatumia?" Baba akageuza uso ukutani. Nikatoa kwenye mkoba kile kidude cha betri, nilichokibeba tulipotoka nyumbani, nikakiweka mbele ya daktari. Alikigeuzageuza. Alisema kifua kama hiki hakitaki moshi wala mvuke wa majani ya kuoka wa namna yoyote, na kuacha dawa ndiko kulikomfikisha hapa.

Mdogo wangu alikuja mbio. Nilimzuia kwenye ukumbi kabla hajaingia.

"Wewe ndiye uliyemwambia aache pampu?"

"Sikumwambia aache. Nilimwambia apunguze. Zile dawa zina kemikali."

"Wewe nani wa kumpunguzia mtu dawa?"

"Dada, wateja wangu wengi wanapata nafuu…"

"Huyu si mteja! Huyu ni baba yako!" Muuguzi alichungulia mlangoni. Sikujali. "Futa ile video. Sasa hivi."

Aliinamisha kichwa, nikadhani anatoa simu aifute. Akasema, "Ile ndiyo inayoniletea watu wote."

Sijawahi kumpiga mdogo wangu tangu utotoni. Siku ile mkono ulinyanyuka wenyewe, nikaurudisha kwenye buibui.

Nilikaa pale pale ukumbini, nikaandika chini ya video: mimi ni binti wa mzee huyu, amelazwa, alikuwa ameacha dawa zake kwa ajili ya kitu hiki. Kabla ya Magharibi video ilikuwa imeondolewa. Akanitumia neno moja tu, "Khalas," na baada ya hapo hakunisemesha.

Baba alipopata nguvu ya kuongea nilimuuliza kwa nini. Nilimuuliza kwa ukali, Mungu anisamehe, mgonjwa kitandani.

"Mie sikuipenda hata siku moja," akasema. "Inaniwasha koo."

"Sasa kwa nini, baba?"

Alitafuta pumzi. "Akija na ile mashine anakaa, mama. Anaijaza, ananisubiri nimalize, anaisafisha. Ananisimulia mambo ya watu na mawe. Asipokuwa nayo anasimama mlangoni, funguo za gari ziko mkononi."

Nilitoka nje, kwenye joto la maegesho ya magari, nikalia kwa hasira. Hasira yangu ilikuwa inamjua wa kumwendea, baba akaikoroga. Nilimkasirikia na yeye, kwa kuuza kifua chake kwa nusu saa ya mazungumzo. Nikaikasirikia na nafsi yangu kwa kumkasirikia.

Baba alirudi nyumbani na pampu zake, na sasa nasimama mbele yake mpaka avute. Mdogo wangu hakuonekana. Nilisikia ana mashine ya nne, inayoongozwa kwa simu, na anawaambia wateja zile za zamani zilikuwa na kasoro.

Baba hakulalamika. Ila kila gari likisimama nje alikuwa anageuza shingo. Nilivumilia, mwishowe nikapiga simu.

"Njoo umwone baba," nikamwambia. "Usije na kitu."

Akauliza, na hakuwa anafanya jeuri, hilo ndilo lililonikera zaidi: "Nije nifanye nini, dada?"

"Ukae," nikasema, nikakata.

Alikuja Ijumaa. Alikaa kwenye ncha ya kiti, mikono hana pa kuiweka. Baba akamuuliza habari za Marina, za maegesho, za joto. Akajibu kwa neno moja moja. Kisha baba akafungua mpira kwenye televisheni, wakaangalia timu ambazo hakuna kati yao anayezishabikia. Niliwapelekea chai ya tangawizi, nikaiweka kwa kishindo, ikamwagika kwenye kisahani cha mdogo wangu. Aliinua uso akanitazama. Sikumfutia.