Ua la Taruma la Arobaini

Saa kumi na mbili asubuhi, mama wa miaka hamsini na tisa anatembea katikati ya reli, spana ndefu begani. Anagonga nati, anasikiliza, anapita. Akikuta iliyolegea, anaikaza. Kisha anashuka tuta, anainama kando ya uzio, na safari hii si kwa ajili ya nati.

"Bado," anasema, akipapasa udongo mtupu. "Haya, tutaonana kesho."

Anachokingoja ni ua.

Mkagua reli huyu, Mama Spana kwa wenzake, ametembea kipande kilekile cha kilomita kumi na mbili kwa miaka kumi na tisa. Daftari lake mbele lina kasoro za reli. Nyuma lina maua ya porini aliyoyakuta njiani, kila moja na tarehe yake. Masika, ya zambarau mtaroni. Kipupwe, ya njano, madogo kama vifungo vya shati. Kiangazi, karibu kurasa tupu. Halafu mvua ya kwanza ya vuli, jekundu moja lisilo na jani hata moja, kwenye taruma la arobaini kutoka mlingoti wa ishara. Mataruma ni yale magogo yanayobeba reli, na kwingine kote hajawahi kuliona ua hilo.

"Wanaume wenzangu huwaonea wivu wanaume," analalamika mumewe, fundi cherehani. "Mimi nayaonea wivu magugu!"

Mwaka wake wa pili kazini alichanganya kurasa. Kwenye safu ya kasoro akaandika: "Jekundu, limejitokeza, taruma la arobaini." Mafundi sita wakaja mbio na jeki na nyundo.

"Wakanikuta nimeliinamia," anakumbuka. "Nilitamani ardhi ipasuke inimeze!"

Mwishoni mwa kiangazi mwaka huu, amri ikaja: tuta lipanuliwe, kokoto mpya zimwagwe. Ua lingezikwa, na wakati huo halikuwa na hata ncha ya kuonyesha.

"Nimwambie nani hapa pana ua, na yeye anaona vumbi tu?"

Alimwambia nyapara wa genge, mmoja wa wale sita wa zamani. Akamfunulia tarehe za miaka yote.

"Mama, nakupa nusu saa," nyapara akasema. "Ua hili lilishatukimbiza jua la mchana. Hatuwezi kulizika kimyakimya."

Wakahesabu mataruma arobaini. Wakachimba. Hola! Mama Spana akaketi juu ya reli, machozi yakimlengalenga.

"Nilijiona mwongo mbele ya watu wazima," anasema.

Ni nyapara aliyelichukua daftari na kulifungua mbele, upande wa kasoro. Hapo, kwa mwandiko wa mama huyohuyo, palikuwa na maneno ya baada ya vuli iliyopita: mlingoti umeoza, umesogezwa mbele mataruma tisa.

"Mama, wewe mwenyewe umeandika!"

Wakarudi nyuma mataruma tisa. Jembe la tatu likaibua vitunguu saba ambamo ua hilo huchipuka, vya kahawia, vimeshikana kama ndugu. Vikapandwa kando ya uzio, kokoto zisikofika.

Sasa imebaki miezi miwili astaafu, na mvua ya kwanza imenyesha jana. Anaogopa, wala hafichi. Pengine walivikata mizizi. Pengine vimechukia makao mapya.

"Nikiondoka bila kuliona, roho yangu haitatulia," anasema. Kisha anacheka. "Lakini litatoka. Limenusurika kwa treni miaka yote hii, litashindwa na mimi?"

Na likitoka ameshapanga. Hataliandika nyuma. Ataliandika mbele, kwenye safu ya kasoro, kwa maneno yaleyale: jekundu, limejitokeza.

"Nataka waje," anasema, akiitupa spana begani. "Waje wote mbio, na jeki zao."