Kiti cha Tito Nilimpa Mtoto wa Jumbe

Ndugu msomaji, nitaanza na kosa lenyewe kabla sijapata uongo wa kulipamba. Huku kwetu upande wa Ndalambo watu husema lile gari la ng'ombe la watoto wasiojiweza lilifutwa na Bwana Shauri, yule mkubwa wa serikali wa wilaya. Wengine wanasema liliuawa na mvua. Bwana Shauri msimsingizie, na mvua msiitukane bure. Nililifuta mimi, kwa mdomo wangu huu huu unaopenda kucheka na kila mtu.

Jina langu sitaliandika. Mama yangu hajui kusoma, lakini ana majirani wanaojua, na hao ndio hatari.

Nilisoma mpaka darasa la nne nikaishia hapo. Si kwamba nilikosa akili, ingawa mkimaliza kunisikiliza mtabisha. Ni kwamba kichwa changu kilijaa magari. Malori yaliyotoka Mbeya kupita Tunduma kwenda Rodesia niliyajua kwa mlio, hata kabla hayajaonekana. Niliota siku moja nami nitaning'iniza mkono dirishani, nimevaa kofia, wasichana wananyanyuka shambani kunitazama. Basi baraza liliponiajiri kuendesha gari la kukokotwa na maksai wawili, mimi sikuona maksai. Niliona lori. Kwenye kona nilipiga honi kwa mdomo, na nikifika mlimani niliguna kama injini inayobadilisha gia. Jamani, kijana mzima!

Mjue kwanza gari hilo lilitoka wapi. Lilitoka kwenye kodi yetu sote. Bibi mmoja, mwalimu wa misheni aliyetoka Unyasa, nchi ya jirani, alikuwa ameanzisha darasa la watoto ambao shule nyingine hazikuwataka. Kulikuwa na Eda asiyeona, aliyefundishwa kusoma kwa vidole. Walikuwapo wengine wawili wasiosikia. Na alikuwapo Tito, mtoto ambaye miguu yake ilinyauka kwa homa tangu utotoni. Akili za kusoma walikuwa nazo. Taabu ilikuwa kufika. Mwalimu akaomba baraza litoe gari la kuwachukua.

Wazee wa baraza walicheka mpaka wengine wakapaliwa. Jumbe wetu, mtu mnene mwenye sauti, alisema leo tukibeba viwete, kesho tutaombwa tubebe kuku. Nami nilikuwapo nyuma, nikacheka. Lakini Bwana Shauri hakucheka. Akasema tujaribu. Watoto hao wakifika shuleni kwa gari hilo kila siku mpaka mavuno, kodi itaendelea kulipia gari na mwalimu wao. Wasipofika, fedha hiyo itaezeka upya nyumba ya baraza, ambayo ilikuwa inavujia vichwa vya wakubwa.

Mnaona mizani ilivyokaa? Upande mmoja watoto, upande wa pili vipara vya wazee.

Miezi ya mwanzo nilifanya kazi vizuri, nisijinyime haki yangu. Tito alikaa mbele karibu nami, ndiye utingo wangu. Mtoto mwenye maneno yule! Aliniita Dereva, na maksai akawaita Betri na Tairi. Tukikwama kwenye matope ananiuliza kwa upole kama nimesahau kutia petroli. Kila asubuhi mama yake alimbeba mgongoni kutoka nyumbani kwao mlimani, akampandisha garini, akanishukuru. Mumewe alikuwa kwenye migodi ya shaba huko Rodesia, mwaka wa ngapi sijui. Mzigo wote ulikuwa wake.

Sasa huyo Tito alikuwa na dada, Lidya. Sitaki kuandika sana juu ya Lidya maana karatasi italowa. Niseme tu kwamba nilimpenda, naye hakunikataa, nikatuma mshenga na posa, ikapokewa.

Hapo ndipo pa kunisikiliza, hasa ninyi mnaosoma kutoka mikoa mingine.

Kwetu Wanyamwanga, posa ikipokewa, mama wa msichana anakuwa mkwe wako, na mkwe huonani naye uso kwa uso. Husemi naye. Mkikutana njiani mmoja anaingia majanini na kugeuka, amejifunika. Ndivyo hivyo mpaka siku ya kufunguliwa, utakapompelekea nguo naye akupikie kuku. Ni heshima kubwa, sisemi vibaya mila yetu. Vibaya nilivyo mimi vinatosha.

Mama yake Tito hakusumbuka na jambo hilo. Alifikiri mara moja tu. Akawa anamleta mtoto mapema, anamkalisha kwenye jiwe kando ya barabara, kisha anaondoka kabla sijatokea. Mimi nafika, nanyanyua utingo wangu, tunakwenda. Mila imetimia, shule imetimia. Mwanamke asiyejua hata kuandika jina lake alikuwa amekwisha maliza kesi.

Lakini asubuhi moja niliwahi. Nilimkuta bado yupo njiani na mtoto mgongoni. Akajitupa majanini na kujifunika kichwa, Tito akabaki juu ya mgongo wake akinipungia mkono. Vijana waliokuwa wanakwenda shamba walituona. Loo, siku hiyo kilabuni kwenye pombe walinila mzima. Mmoja akauliza kama siku hizi nimeajiriwa na baraza au na mkwe. Mwingine akasema nikioa nitapewa mkwe naye nimbebe. Nilicheka nao, lakini moyoni nilichomeka.

Kesho yake nilipita njia ya bondeni. Sikupita kwenye jiwe.

Nilijiambia namheshimu mkwe wangu. Nilijiambia hivyo kwa sauti, nikiwaambia Betri na Tairi, nao kwa kuwa ni ng'ombe hawakubisha. Ukweli ni huu: njia ya bondeni ilipita mbele ya ua wa jumbe. Huko watoto wa jumbe walinikimbilia wakipiga makofi, wazima wote, mmoja ana miguu kama michi miwili. Waliomba kupanda. Mimi mtu akiniomba jambo huku anacheka siwezi kumnyima, ndivyo nilivyo, nilidhani ni wema. Wakapanda. Mke wa jumbe akanipa maziwa. Siku ya pili wakaleta binamu zao. Siku ya tatu mzee mmoja wa baraza, yule yule aliyecheka habari za kuku, akasimamisha gari akapandisha wanawe na gunia la maharage juu yao.

Ikawa gari la wakubwa. Eda alibanwa kwenye pembe ameshika ubao, na wale wasiosikia wakasukumwa mpaka wakaamua kutembea. Mimi napiga honi!

Mwalimu aliniuliza Tito yuko wapi. Nikasema anaumwa. Wiki iliyofuata akauliza tena, nikasema sijui, labda wamesafiri. Mwalimu yule alikuwa mpole lakini macho yake hayakuwa mapole. Aliwatazama watoto wa jumbe wakiruka chini kama mbuzi, akaniambia, "Gari lako leo ni zito, baba. Limepakia miguu mingi."

Nilicheka. Nilidhani ni utani.

Tito hakuwa mgonjwa. Mama yake alimkalisha kwenye jiwe siku kadhaa, akimngoja dereva. Lidya alituma neno kwa mshenga kuuliza kulikoni, nikajibu kwamba njia ya juu imeharibika. Basi mama akaanza kumbeba mwenyewe mpaka shuleni, akimaliza anarudi kulima, mchana anamfuata tena.

Siku moja, karibu na mto, nikawafikia kwa nyuma. Gari limejaa, watoto wanaimba. Alisikia magurudumu, akajua ni mimi. Akafanya kama mila inavyotaka: akaingia majanini, akanigeuzia mgongo, akavuta nguo usoni. Na kwenye mgongo huo ulionigeukia alikuwa Tito, amegeuza shingo, uso wake umenielekea mimi. Kila mtu aliyekuwapo aliona vizuri.

Tito hakulia. Aliangalia mahali pake pa mbele, penye mtoto wa jumbe anayetafuna muwa.

"Dereva," akaniita, "mbele kumejaa?"

Kushuka ningeweza. Kumteremsha yule mwenye michi kungekuwa kazi ya kufumba na kufumbua. Hata kusema na mkwe nisingehitaji, maana ni mtoto aliyeniuliza, wala mtoto si mkwe. Lakini garini walikuwa wananitazama, na mmoja alikwisha anza kucheka habari za mkwe. Nikawapiga maksai nikapita. Nadhani hata honi nilipiga, ili ionekane nina haraka.

Mtoto ananiuliza kwa adabu, mimi namjibu kwa honi!

Kabla ya mavuno Bwana Shauri akaja kuangalia. Baraza lilikaa nje, watu wengi. Gari langu likafika na mzigo wake wa afya njema. Akauliza wako wapi wasiojiweza. Akaonyeshwa Eda peke yake. Jumbe akasimama, uso una huzuni ya kuazima, akasema baraza limejaribu kwa moyo wote, lakini wazazi wa watoto hawa hawataki shule, na gari lisiende tupu ndiyo maana wengine wanapanda. Mwalimu akakataa. Akasema dereva aulizwe.

Nikaulizwa mimi. Huyo Tito kwa nini haletwi na gari?

Msomaji, nilimwona mama yake. Alikuwa amesimama kando ya ghala na mtoto mgongoni, amekuja kusikia. Nilipoinuka kusema, alifanya nini? Aligeuka akajifunika. Ilimbidi. Mkwe wake anasema mbele ya watu, hawezi kumtazama wala kumkatiza. Ningesema jua ni jiwe, angenyamaza. Mumewe yuko migodini, kaka hana. Katika watu wote wa baraza lile, mmoja tu alikuwa ameifunga midomo yake kwa heshima, na heshima yenyewe ilikuwa yangu.

Jumbe akanitazama. Nikayakumbuka maziwa.

Nikasema, "Mama yake hamleti barabarani."

Basi. Maneno machache, mepesi kabisa. Bwana Shauri aliandika, akafunga kalamu. Wazee wakaguna kwa masikitiko huku wanahesabu mabati kichwani. Tito pekee ndiye aliyesema neno, kutoka mgongoni, kwamba analetwa, analetwa kila siku. Lakini ni mtoto, akaambiwa anyamaze watu wazima wanaongea.

Gari likauzwa. Maksai wakaishia shambani kwa jumbe. Mwalimu hakulipiwa tena, akarudi kwao Unyasa kabla ya mvua. Nyumba ya baraza ina mabati mapya, yanang'aa, ukipita mchana yanakuumiza macho. Wakubwa hawavujiwi. Kodi imefanya kazi.

Siku chache baadaye mshenga alinirudishia posa yote, kila kitu, hata shanga. Asubuhi iliyofuata nilikuwa uani nachonga mpini, nikasikia mtu anabisha hodi. Alikuwa yeye, mama yake Tito. Hakujifunika. Alisimama karibu, akanitazama usoni, na kwa mara ya kwanza tangu posa ipokelewe niliona jinsi alivyokonda.

Nikataka kugeuka. Akasema, "Usigeuke. Wewe si mkwe wangu tena, naweza kukuangalia."

Nikasimama.

"Nimekuja kuona uso huo niliokuwa naufichia wangu ni wa namna gani," akasema. Akaangalia vizuri, bila haraka, kama mtu anayechagua mbegu. "Kumbe ni uso wa kawaida tu."

Akaenda zake. Hakunitukana. Afadhali angenitukana!

Lidya ameolewa Isansa. Wanasema mumewe analima kahawa na ni mtu asiyecheka ovyo. Mimi niliondoka nikaja Tunduma, napakia magunia kwenye malori yanayovuka mpaka. Ndoto yangu, kama mnavyoona, imetimia kwa upande wa nyuma wa gari. Nilikwenda nyumbani msimu uliopita, nikapanda mlimani, nikaomba nimbebe Tito mgongoni mwangu mpaka shule ya kawaida, kila siku, bure, mpaka nife. Ni yeye aliyenijibu, mama yake hakutoka ndani. Tito alikuwa anachambua maharage mlangoni, amekua, sauti imeanza kuwa nene. Akaniambia asante, lakini shule ya kawaida walikwisha kataa, na mwalimu wake hayupo. Akaniuliza kama niko tayari kumbeba mpaka Unyasa. Hakuwa anatania kama zamani. Alikuwa anauliza tu apate jibu. Nikashuka mlima peke yangu.

Basi ninyi mlio vijana wa moyo laini, wenye kupenda kupendwa, nisikieni mimi mwenzenu. Huruma ya kumpa kila anayekuchekea si huruma, ni woga uliopakwa mafuta. Nanyi wakubwa wa mabaraza, mkisikia mtoto haji shuleni, msimwulize dereva aliyeshiba maziwa. Nendeni mlangoni kwao mkamwulize mama, na kama kuna mtu anayemlazimu anyamaze, mtoeni huyo kwanza.

Na wewe utakayepewa gari kesho, liwe la ng'ombe au la injini, wakipanda wenye miguu wateremshe. Watanuna. Waache wanune wakitembea.