Unga wa Manjano

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, karani wa kupanga barua Bukavu katika miaka ya mwisho ya utawala wa Wabelgiji, na chunusi zilikuwa zimeniharibu uso na mgongo. Hazikuwa chunusi za ujana za kutibiwa kwa sabuni. Zilikuwa kama majipu madogo yenye usaha. Asubuhi niliubandua mto shavuni polepole. Mwenzangu wa kazini alinisalimia hivi kila mvua iliponyesha: "Papa, uso yako leo iko kama barabara ya Nyangezi. Gari itapita wapi?" Nilicheka naye, kisha nikaomba kuhamishiwa chumba cha nyuma, wateja wasinione.

Daktari alinipa vidonge vya ganda vya miezi miwili. Muuguzi, mtu wa Kabare kama mimi, alinitafsiria masharti, nami nikayaandika daftarini: asubuhi na jioni, tumbo tupu, kikombe kizima cha maji, maziwa mbali, jua kali nijikinge, kila wiki mbili nirudi kuonwa. Sharti la mwisho alilisema mara mbili, akinigonga mkono kwa kalamu: "Dawa hii ni ya mwili wako. Mutu mwingine asiimeze, hata kama munalala kitanda kimoja."

Hilo pia niliandika. Daftari ninalo hadi leo.

Wiki ya tano uso ulianza kukauka. Nyumbani, mtaani Kadutu, mdogo wangu wa mwisho, msichana wa miaka miwili, alikuwa na vidonda vya usaha miguuni visivyopona. Kila asubuhi Mama alinitazama nikimeza. Kwetu mtu hatii kitu kinywani mbele ya wenzake bila kuwamegea. Siku moja akasema:

"Dawa inakuponyesha weye, na mutoto iko anaoza miguu. Utakula yako peke yako mpaka lini?"

"Mama, daktari alikataza."

"Daktari ndiye alizaa huyu?"

Nilifungua ganda, nikaugawa unga wa manjano mafungu manne kwa ncha ya kisu, nikamkorogea fungu moja katika asali. Mama alipoleta maziwa ya kumwondolea mtoto uchungu, nilimzuia kwa ukali: maziwa yamekatazwa. Nilifanya hivyo kwa wiki tatu, bila kukosea saa hata mara moja. Vidonda vilikauka, Mama akanibariki. Daktari aliponiuliza kama vidonge vyote nimevimeza mimi, nilijibu ndiyo.

Meno ya utotoni ya mdogo wangu yalikuwa meupe. Yalipong'oka, mapya yalitoka na rangi ya chai kavu, na mstari wa kijivu umepita katikati. Majirani walisema ni maji. Mama alisema kosa ni lake, alimwachisha ziwa mapema mno. Alikufa akiamini hivyo.

Mimi nilikuta maelezo nikiwa na miaka zaidi ya thelathini, katika kitabu kikuukuu cha dawa cha Kifaransa. Dawa ile huingia katika meno ambayo bado yanajijenga ndani ya ufizi. Mtoto wa chini ya miaka minane hapewi. Maziwa hukatazwa kwa sababu huizuia isiingie mwilini. Huenda wakati ule daktari mwenyewe hakulijua hilo. Halinipunguzii kitu. Alikuwa amekataza, nami niliandika. Baada ya kusoma nikanyamaza miaka kumi mingine.

Mdogo wangu ni mwalimu huko Nyantende. Hucheka mkono ukiwa mdomoni. Mwezi uliopita nilimkuta kwenye beseni akisugua meno kwa mkaa, akitema damu. "Mama angeniachia ziwa lake kidogo tu," alisema.

Safari iliyofuata nilimpelekea daftari. Alisoma ukurasa mzima, kidole kikifuata mistari.

"Yaya, kaka yangu, hii ni mwandiko yako?"

"Ni yangu." Nikamweleza asali, kisu, na uongo niliomwambia daktari.

"Na maziwa ulinikatalia."

"Nilikukatalia."

Kisha akauliza, "Na uso yako, ilipona yote?"

"Ilipona."

Alinyoosha mkono akanipapasa shavu taratibu, kama mtu anayekagua kitambaa sokoni. Halafu akafunga daftari, akanirudishia, akaenda kumwaga maji ya beseni.