Pua ya Mpika Udi

Katika picha zote za harusi yake, wifi yangu Mahira ameficha uso. Hapa ameinua ukingo wa leso, pale ameshika kipepeo cha ukindu cha kujipepea, na katika moja amembeba mtoto wa jirani mbele ya uso kama ngao. Mgeni akizitazama husema bi harusi alikuwa na haya. Sisi wa nyumbani twajua alikuwa akificha pua.

Pua yenyewe haikuwa mbaya, na hayo nayasema mimi, ambaye sina tabia ya kubembeleza watu. Ilikuwa na kinundu katikati, kisha ikapinda kidogo kwenda kushoto. Basi. Lakini chuoni alikosoma Kurani watoto wenzake walimwita Kasuku, na jina hilo alilibeba moyoni mpaka akaolewa, akazaa, akafika umri ambao wengine huwa wamekwisha kujisahau kwenye kioo.

Kinachonichekesha ni kwamba pua hiyo hiyo ndiyo iliyokuwa ikimlisha. Mahira hupika udi hapa Shella, mjini Malindi, uani kwake, ukuta mmoja na mimi. Huvitwanga vipande vya udi na sandali, akachemsha sukari na marashi ya waridi mpaka ikawa nzito, kisha akatia vipande na miski na mafuta mengine ambayo hata mimi hanitajii. Kipimo hana. Huinama juu ya sufuria akavuta harufu, na hapo ndipo hujua kama wakati umefika au bado, na sukari ikinuia tu kuungua yeye huwa ameshaepua. Alifundishwa hivyo na marehemu mamake. Katika ukoo wetu hakuna bi harusi aliyefukizwa udi wa dukani.

Basi mwanangu Batuli alipoposwa, Mahira alikuja jikoni kwangu akafunga mlango.

"Wifi, harusi hii nataka kupigwa picha nimetazama mbele."

Nikamwambia atazame mbele basi, nani kamkataza.

"Nikishatengenezwa pua," akasema.

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania. Alikuwa amekwisha kumtafuta daktari Mombasa, amekwisha kumwambia mumewe, kaka yangu Ubaid, na Ubaid alikuwa amekwisha kununa na kutulia. Kaka yangu ni mtu mpole. Alisema neno moja tu. "Mimi nilikuposa pamoja na hiyo pua." Kisha akamwuliza ataondoka siku gani.

Mimi ndiye niliyemsindikiza, maana Ubaid akiona sindano huanguka. Daktari aliitwa Linet, mwanamke wa makamo asiye na haraka. Mahira akamtolea simu, akamwonyesha picha ya Mturuki mmoja wa kwenye tamthilia, mwenye pua nyembamba kama ya kuchongwa. Daktari aliitazama kwa adabu, kisha akaigeuza simu kifudifudi mezani.

"Hiyo ni pua ya uso mwingine," akasema. "Mimi nitapunguza kinundu na kunyoosha mfupa wa ndani, upate kupumua pande zote mbili. Utatoka hapa ukiwa Mahira."

Hilo la kupumua lilikuwa kweli, maana tangu utotoni upande mmoja ulikuwa haupitishi hewa vizuri. Daktari akaeleza yote, nami nikasikiliza kwa masikio mawili kwa kuwa Mahira alikuwa akisikiliza kwa nusu. Atalazwa usingizi wa dawa, asijue lolote. Kazi itafanywa kupitia matundu ya pua, kovu lisionekane. Ataamka amefungwa kibao kidogo juu ya pua, macho yamevimba na kupiga weusi, na kwa siku kadhaa atapumua kwa mdomo. Alale kichwa kikiwa juu ya mito. Asipenge kamasi, na chafya ikija aitoe kwa mdomo wazi. Asiiname, asibebe mzigo, asikae juani wala penye mvuke na moshi. Habasoda na vidonge vya kitunguu saumu aache mapema, kwa sababu huifanya damu ikawie kuganda. Uvimbe utashuka polepole, na ncha ya pua huwa ya mwisho, hata mwaka hupita. Tena akasema waziwazi kwamba wako wasioridhika, na wako wanaolazimika kurudi kupasuliwa mara ya pili.

Mahira aliuliza swali moja tu. "Na harufu?"

"Itapotea kwa muda," daktari akajibu. "Kwa watu wengi sana hurudi baada ya wiki kadhaa. Lakini siwezi kukuapia."

Kisha daktari akamwuliza kwa nini asingoje harusi ipite. Hata mimi nilimkanyaga mguu chini ya meza. Mahira akasema amejificha nyuma ya leso ujana wake wote na harusi ya Batuli hatajificha. Akavuta karatasi akatia sahihi, na hapo hasira zangu zikaisha nikamwonea huruma.

Sasa, kosa lake. Kwa kuogopa maneno ya watu, aliutangazia mtaa kwamba anakwenda kutibiwa pua iliyoziba. Haukuwa uongo mtupu. Lakini mtu mzima aliyezaliwa Malindi alipaswa kujua: hapa kwetu ukitangaza pua imeziba, hakuna asiye na dawa yako.

Tuliporudi, wa kwanza kufika alikuwa Kahonzi, anayetoka Muyeye kila asubuhi kumsaidia wifi kutwanga udi. Alimwona Mahira na kibao chake na macho ya zambarau, akageuka akamkazia macho Ubaid. Alimtazama tu mpaka kaka yangu akachukua kofia yake akatoka. Siku nzima hakurudi nyumbani, na barazani nako alikuta habari zimemtangulia, kwamba kampiga mke.

Wakafuata wengine. Mmoja kaja na mafuta ya habasoda ya kudondoshea puani, mwingine na mafuta ya mkaratusi, mwingine kakunja kitambaa chenye unga mwekundu ambao ukiunusa tu, akasema, utapiga chafya mpaka uzibo wote utoke. Nilisimama mlangoni kama askari wa benki. Nilipokea kila kitu, nikashukuru, nikakificha chini ya kitanda. Mahira alilala kwenye mito yake akipumua kwa mdomo na kunitazama kwa macho ya kuomba msaada.

Kisha akaja Bi Nana. Huyu ni shangazi yetu mimi na Ubaid, anakaa Mambrui, na mlango wa kumzuia yeye haujatengenezwa. Alikuja na furushi la majani na blanketi lake mwenyewe.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Teleka maji."

Nikamwambia daktari amekataza mvuke.

"Huyo daktari ana umri gani?"

Maji yakatelekwa. Chumba kilikuwa kimejaa wanawake waliokuja kumjulia hali mgonjwa, na wote walisogea kutazama. Chungu kikawekwa mbele ya kitanda, majani yakiwa yanatokota, na Bi Nana akamfunika Mahira blanketi kichwani. Mimi nimeshika pembe ya blanketi upande huu, yeye kashika upande ule, tunavutana kwa heshima. Ndipo sauti ikatoka humo ndani.

"Shangazi, pua yangu haijaziba. Nimeifanya ndogo."

Bi Nana aliinua ukingo wa blanketi, akachungulia.

"Ulikuwa waiona kubwa?"

"Ndiyo, shangazi."

"Na kile kipande walichokata wamekiweka wapi?"

Aliyeanza kucheka ni Kahonzi, nyuma kabisa. Kisha chumba kizima. Mahira naye akacheka, huku akijishika mashavu kwa mikono miwili kwa sababu maumivu yalikuwa yanamfika machoni, na kila akijizuia ndivyo sisi tulivyozidi. Bi Nana alingoja tutulie. Akasema kama angalikuwa na umri wa Mahira, yeye angalikata haya masikio yake, maana tangu aolewe yamekuwa yakimsikilizisha upuuzi. Kisha akavua viatu, akayapoza maji ya chungu, akatia miguu yake mwenyewe. Majani hayakupotea bure. Tangu siku hiyo Mahira hakuficha tena jambo hilo kwa mtu, na wapo walioniuliza kwa siri namba ya daktari.

Kibao kilipotolewa Mombasa, alijitazama kwenye kioo akalia. Kinundu kilikuwa kimekwenda, lakini pua ilikuwa imevimba, pana kama kitumbua. Daktari akamkumbusha aliyomwambia. Nyumbani Ubaid alimzunguka kushoto na kulia, akasema amepata mke wa pili bila kulipa mahari, akarushiwa mto. Uvimbe ulishuka kidogo kidogo, na uso wa Mahira ukaanza kutokeza, uleule, ila umetulia.

Harufu haikurudi.

Kila asubuhi alifungua chupa ya miski akavuta. Hakuna. Alinusa karafuu, akanusa vitunguu, akanusa soksi za Ubaid alizokuwa akizikimbia zamani. Hakuna. Mbele za watu alitania. Kwangu alikuja akakaa kwenye kibao cha mbuzi ya kukunia nazi, jikoni, akasema, "Wifi, isiporudi, nitapika nini?" Niliogopa pamoja naye, na niliiona ile picha anayoitaka kuwa ghali mno.

Shaabani ikaingia, na harusi ilikuwa katika mwezi huo. Udi wa Batuli ilibidi upikwe. Mahira akaketi mlangoni, mbali na moshi, na mimi na Kahonzi tukawa pua zake.

"Sukari yanukaje?" akauliza.

"Kama kaimati," nikasema.

"Kaimati za moto au zilizolala?"

"Mimi nasikia kama kichwa cha mtoto aliyeogeshwa," akasema Kahonzi.

"Mtoto gani sasa, Kahonzi? Semeni kama imeanza kuuma puani au bado."

Kahonzi akasema imeanza, mimi nikasema bado, tukabishana mpaka moshi ukajibu. Tukaepua kwa pupa. Marashi tulitia, tukaongeza, tukaongeza tena ili kufunika makosa. Kila aliyepita aliusifu udi ule. Mahira aliufungia kwenye makopo akiwa hajui alichopika, na kabla ya siku hiyo sikupata kumwona akifunga makopo bila kuimba.

Harusi ilikuwa imekaribia sana siku ile nilipokwenda kwake kumwonyesha kitambaa cha nguo ya Batuli. Nyumbani nilikuwa nimeacha papa wa nazi jikoni. Tulikuwa tunapima urefu wa mkono, nami nalalamika juu ya fundi cherehani, mara Mahira akaacha kitambaa.

"Wifi, papa wako anaungua."

Nilikasirika. Mimi siunguzi papa. Nilianza kumwambia kwamba nimepika papa tangu yeye hajui kuvaa viatu, na kwamba moto niliuacha mdogo, na ndipo nilipoona anavyonitazama. Mdomo wazi, mkono kifuani.

"Anaungua," akasema tena, kwa sauti ndogo. "Na nazi yake imeshikana chini."

Hakuna hata mmoja wetu aliyekimbilia chungu. Tulikumbatiana pale pale juu ya kitambaa cha Batuli, yeye analia, mimi nalia, na ule uvundo wa papa unazidi kuja kutoka ng'ambo ya ukuta, nao ulikuwa mzuri sijapata kuona. Mchana ule watu wa nyumba zote mbili walikula mkate na chai, na hakuna aliyethubutu kunung'unika.

Alipofuta macho alikwenda moja kwa moja kwenye makopo. Akafungua la kwanza, akavuta, akafunga macho.

"Marashi yamezidi. Na sukari mmeiunguza."

"Kidogo," nikasema.

"Sana, wifi."

Akampigia daktari, akaruhusiwa kupika asiinamie moshi, na siku hiyo hiyo akaanza upya. Safari hii aliimba. Ule udi wetu tuligawana mimi na Kahonzi. Kahonzi anasema hakuna mbu anayekaa nyumbani kwake Muyeye.

Siku ya kupambwa Batuli, ukumbi ulikuwa wa wanawake peke yao, na mpiga picha alikuwa msichana. Mahira alikuja amevaa manjano, hana leso mkononi, hana kipepeo. Pua yake ilikuwa nyoofu, bado imevimba kidogo nchani, nayo ilimkaa vizuri. Alipigwa picha kutoka kila upande, mpaka nikamwambia awaachie na wengine. Kisha kikaletwa chetezo, akakichukua yeye kumfukiza bi harusi nywele. Msichana akamwita, "Bi Mahira, huku." Mahira akainua uso, akatazama mbele, anacheka meno yote nje, na moshi ukapanda kati yao.

Picha hiyo ameisafisha kubwa akaitundika chumbani. Yaonekana macho, yaonekana meno na paji la uso. Pua haionekani kabisa, moshi umeifunika. Nilimwuliza, baada ya mateso yote yale, na picha zote nzuri alizopigwa, kwa nini ametundika hii.

"Kwa sababu hapo nilikuwa nanusa," akasema.