Kanda ya Kupimia

Ukimwuliza fundi redio huyu anafanya kazi gani, atakujibu kwamba anatengeneza redio, spika na vikuza sauti, kisha atanyamaza kidogo kama mtu aliyesahau kitu mezani. Kitu chenyewe ni kwamba yeye ni mtunzi wa nyimbo. Ameshindwa kulitamka hilo kwa miaka ishirini na sita, na simlaumu. Ukisema wewe ni mshonaji, nguo zipo, watu wanaziona. Ukisema wewe ni mtunzi, watu wanauliza, "Wimbo gani?" na hapo ndipo unapoanza kukohoa.

Ana miaka arobaini na saba, kipara kilichomuwahi, na duka la chumba kimoja linalotazama barabara. Rafu zimejaa redio zisizo na migongo. Meza ya kazi ina alama nyeusi za chuma cha kulehemu, na juu yake inaning'inia taa aliyoifunga kwa waya kwa sababu fundi hatengenezi vya kwake. Hana gitaa. Hutunga kwa pua, anavuma huku mikono ikifanya kazi, na akipata kipande kizuri anainua simu na kukirekodi. Kwenye simu hiyo kuna vipande mia moja na arobaini. Alishawapelekea nyimbo waimbaji wengi tu. Mmoja alisema wimbo ni mzuri ila ni wa kizamani. Mwingine alisema ni mzuri ila ni mrefu. Wa tatu, mkweli kuliko wote, hakupokea simu tena.

Kwa nini basi hakufika popote? Jibu alikuwa nalo tayari, na mkewe na watoto wake walikuwa wamelisikia mpaka wamelikariri. Ni mama yake. Fundi alikuwa kijana wa miaka ishirini na moja, gitaa lake likavunjika shingo, na badala ya kumtafutia jingine mama akampeleka kwa fundi redio ajifunze kazi. "Mama ndiye aliyenizimia muziki," alizoea kusema, bila hasira, kama anavyosema mtu mwenye kovu la zamani. Mama alishafariki miaka tisa iliyopita, kwa hiyo hapakuwa na wa kumbishia.

Siku moja bahati ikaingia dukani ikiwa imebeba spika iliyopasuka. Alikuwa kiongozi wa bendi, mwanamke mwenye sauti ya kuamuru na viatu vya raba, na alisimama mlangoni kwa muda kabla ya kusalimia.

"Kaka, huo unaovuma ni wimbo wa nani?"

"Wangu, dada."

"Imba nisikie."

Fundi akaweka chini bisibisi, akafumba macho, akaimba. *Usifunge mlango, bado naja. Nimechelewa tu, sikupotea.* Ubeti wa kwanza, wa pili, na kiitikio. Alipofumbua macho kiongozi wa bendi alikuwa amekaa juu ya redio ya mteja. Akasema wanaingia studio baada ya wiki mbili, na wimbo huo anautaka kwenye albamu, na jina la mtunzi litaandikwa. Fundi alifunga duka saa nane mchana, akaenda nyumbani, akamwambia mkewe. Mkewe alicheka, akalia, kisha akamwuliza kama ana shati la maana.

Mambo yalianza kwenda mrama siku ya mazoezi. Bendi ilikuwa na mpiga besi waliyemwita Kimya, kwa sababu tangu ajiunge hakuna aliyemsikia akimaliza sentensi mbili mfululizo. Walipoupiga wimbo mara ya kwanza mpaka mwisho, wote wakashangilia. Kimya akawa anakaza nyuzi zake, kisha akasema, bila ubaya wowote, "Huu kama naujua."

Akarudi kwenye ukimya wake. Wengine hawakujali, maana kila wimbo mzuri unafanana na kitu. Lakini fundi aliyabeba maneno hayo mpaka nyumbani. Angelisema mtu mwingine, angelipuuza. Kimya hakuwa mtu wa kupoteza maneno.

Kesho yake aliamkia kazini kwa nguvu ili asifikirie. Kulikuwa na redio kaseti ya mwalimu mstaafu, mzee asiyetaka kusikia habari za vifaa vipya, na mota yake ilikuwa imechoka. Fundi aliifungua, akabadilisha mkanda wa mpira, akasafisha kichwa kinachosoma kanda. Kisha akafungua droo ili atoe kanda ya kupimia.

Hapa inabidi nieleze kidogo. Kila fundi wa redio kaseti alikuwa na kanda moja ya majaribio, kanda isiyo na thamani ambayo mashine mbovu ikiitafuna hakuna anayelia. Ya kwake haikuwa na karatasi wala jina. Aliikuta kwenye sanduku la vifaa vyake alipofungua duka, akadhani imesahauliwa na mteja, na ameipiga maelfu ya mara, ingawa siku hizi ni mara mbili tatu kwa mwaka. Ndani yake kuna kijana mwenye sauti nyembamba anaimba na gitaa. Lakini fundi hasikilizi wimbo. Anasikiliza kama sauti inatetemeka, maana hapo mota ni mbovu. Anasikiliza mvumo, mkwaruzo, kama spika ya kushoto inapiga sawa na ya kulia. Ukimwuliza yule kijana anaimba nini, angekutazama kama umemwuliza rangi ya macho ya mtu aliyemuuzia kiberiti.

Siku hiyo, kwa mara ya kwanza, alisikiliza. Kijana akaimba ubeti ambao fundi hakuujua. Kisha akafika kwenye kiitikio, na fundi akasogeza sikio kwenye spika. Maneno yalikuwa tofauti kidogo. Mlango ulikuwepo. Kuchelewa kulikuwepo. Na sauti ilipanda pale pale, ikakaa pale pale, ikashuka kwa ngazi zile zile ambazo yeye alijivunia kwamba zilimjia mwaka jana akilehemu waya.

Alizima. Akawasha tena. Akazima. Kwa hiyo ndivyo ilivyokuwa. Miaka yote aliyokuwa akipima mashine za watu, wimbo ulikuwa unamwingia kwa mlango wa nyuma, na yeye akaja kuutoa kwa mlango wa mbele akiuita wake. Alikuwa mwizi ambaye hakujua ameiba.

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya. Alimwona yule kijana kila mahali. Aliamini amekufa, sijui kwa nini. Labda kwa sababu mtu hai angerudi kuchukua kanda yake. Akamsikia anapita nje ya duka akivuma. Akageuka mara tatu barabarani kumtazama mtu asiyekuwepo. Mwisho wa kanda, baada ya kiitikio cha pili, kuna kisauti cha mtoto wa kike kinasema jambo kwa haraka kisha kinaitikia pamoja naye, na hicho ndicho kilichomtesa zaidi. Yule kijana alikuwa na binti. Binti huyo sasa ni mama wa watu mahali fulani, na siku moja angewasha redio na kumsikia baba yake akiimbwa kwa jina la fundi. Aliwauliza wateja wa zamani kama kuna aliyewahi kusahau kanda. Walimtazama kwa huruma. Nani anakumbuka kanda?

Dukani kukawa kimya. Hakuvuma tena. Kila sauti iliyomjia puani aliishuku, akairudisha ilikotoka. Alifungua simu akasikiliza vile vipande mia moja na arobaini, kimoja baada ya kingine, akitafuta hata kimoja ambacho angeweza kuapa ni chake.

Mkewe alivumilia siku nne. Siku ya tano alileta chakula cha mchana mwenyewe, akaketi kwenye kiti cha wateja.

"Mume wangu, tangu nikujue hujawahi kunyamaza, hata ukiwa na homa. Kuna nini?"

Akamweleza yote. Akamwambia ameamua kwenda kwa kiongozi wa bendi kuutoa wimbo, na kwamba hiyo ndiyo nafasi yake ya kwanza na ya mwisho, na anajua. Mkewe hakusema pole. Alisema, "Niwekee nimsikie huyo marehemu wako."

Akaiweka kanda kwenye redio ya mwalimu. Mkewe alisikiliza kichwa kikiwa upande, kama anavyosikiliza majirani.

"Anakimbilia wapi?" akauliza.

"Nani?"

"Huyu. Anaimba kama mtu anayefukuzwa. Na hicho kitoto mbona kinaongea kama kuku?"

Fundi aligeuka akaitazama kanda ikizunguka. Miaka ishirini na kitu ya ufundi, na jambo hilo limsubiri mkewe aje na sahani mkononi. Kanda ikirekodiwa kwenye mashine inayozunguka polepole, ukiipiga kwenye mashine nzima inakwenda mbio, na sauti inakuwa nyembamba. Hilo analijua kila mwanafunzi wa ufundi. Yeye alilijua na hakuwahi kulitumia, kwa kuwa kanda ile ilikuwa ya kupima mashine, na hakuna aliyewahi kufikiria kuipima kanda yenyewe.

Akageuza redio. Nyuma ya mota kuna tundu dogo, na ndani ya tundu kuna skrubu ya kurekebisha mwendo. Akaingiza bisibisi nyembamba kuliko zote, akawasha kanda tangu mwanzo, akaanza kuzungusha kidogo kidogo.

Gitaa likatulia. Sauti ya kijana ikaanza kushuka. Ikawa ya mtu mzima kidogo, ikashuka tena, ikapata kifua. Akazungusha unywele mmoja zaidi. Mkewe aliweka sahani chini.

"Ni wewe," akasema.

Alikuwa yeye. Hakukuwa na nafasi ya kubisha, ile namna ya kuvuta pumzi kabla ya neno la mwisho anayo mpaka leo. Kanda ilirekodiwa kwenye redio ya nyumbani kwao siku hizo, ambayo mota yake nayo ilikuwa imechoka, na yeye wa miaka ishirini na moja ameketi mbele yake na gitaa ambalo shingo yake ilikuwa bado nzima. Ungetarajia angefurahi, na mkewe alitarajia hivyo pia, maana alianza kucheka na kumpiga bega. Lakini yeye aliinua mkono kumzuia, kwa sababu kiitikio cha pili kilikuwa kinaisha.

Kile kisauti hakikuwa cha mtoto. Kilikuwa kizito, cha polepole, chenye usingizi wa mtu aliyetoka kazini, na kilisema, "Hapo rudia, mwanangu. Hapo ni pazuri." Kisha mama yake akaimba naye. Hakujua kuimba, alikuwa anaikosa sauti kwa unene wa kidole, lakini kiitikio alikijua chote, kama mtu aliyekisikia siku nyingi kupitia ukutani na kukipenda.

Kanda ikafika mwisho, ikajizima. Fundi alikaa na bisibisi mkononi. Alijaribu kumkumbuka mama yake akisema acha muziki. Alitafuta kwa bidii siku ile, wiki ile, mwaka ule, akatafuta hata sauti ya mlango ukibamizwa. Hakupata. Alichopata ni mama akiuliza, akiwa anapepeta unga au anafunga viatu, "Na ule wimbo?" na yeye akijibu, "Nitaumalizia." Mara nyingi. Miaka mingi. Mpaka mama akaacha kuuliza, na yeye akauita ukimya huo kukatazwa.

Mkewe alimwacha alie. Kisha akamkumbusha kurudisha mwendo wa redio ya mwalimu.

Siku ya studio alivaa shati la maana. Kiongozi wa bendi alikuwa na fomu za watunzi mezani, akampa kalamu.

"Wimbo ni wangu, dada. Nimehakikisha."

"Kwani nani alibisha?"

"Mimi."

Kiongozi wa bendi alitikisa kichwa na kumwonyesha pa kuandika. Fundi akaandika jina lake, akafika kwenye mwaka wa utunzi, akasimamisha kalamu. Upande wa pili wa kioo Kimya, ambaye huenda aliwahi kuusikia wimbo dukani akisubiri redio yake ipimwe, alikuwa anakaza nyuzi. Hatimaye akaandika, na kiongozi wa bendi akaisogeza fomu karibu na macho.

"Kaka, umekosea. Huu ni mwaka wa zamani sana."

"Sijakosea."

"Wewe," akasema, akicheka kwa furaha ya kweli, "kumbe umekuwa ukitunga miaka yote hii. Basi huko kwako una gunia zima. Albamu imebakiza nafasi moja. Nipe mwingine."

Fundi alifikiria vipande mia moja na arobaini ndani ya simu yake. Alivifahamu sasa vyote. Vyote vilianza mbali, kila kimoja kwa njia yake, na vyote viliishia kupanda pale pale na kushuka kwa ngazi zile zile.

"Sina," akasema. "Maisha yangu yote nimetunga wimbo mmoja. Ila nimeutunga mara mbili."

Kiongozi wa bendi alidhani ni utani, akacheka mpaka akafuta macho, akachukua fomu na kuingia ndani kuwapanga waimbaji.