Hapa Ni Wapi: Miaka Yangu na Broka wa Kabiro

Siku ya kwanza kazini nilipewa ufunguo mmoja na onyo moja. Ufunguo ulikuwa wa jenereta ya maabara, pale Kabiro, Kawangware. Onyo lilitoka kwa Meneja, mtu mfupi aliyezoea kuongea akiangalia saa.

"Mzee, stima ikipotea, washa jenereta. Ile kompyuta ya kona usiiguse. Hata vumbi yake iache."

Nilikuwa nimepita miaka hamsini. Shule niliiacha darasa la nne kule Kitui kwa sababu ya mbuzi wa baba, na hayo ni mambo marefu, lakini herufi nilizijua. Herufi ndizo zilizonifanya niisogelee ile kompyuta wiki ya pili. Injinia, msichana aliyekuwa na ofisi mjini, alipiga simu ya maabara nami ndiye niliyekuwa karibu.

"Mzee, nisomee laini ya mwisho kwa skrini."

Kiingereza sikijui. Nikamsomea herufi moja moja: C, O, N, N. Tulikwenda hivyo mpaka mwisho, bila yeye kunikatiza hata mara moja. Kisha akasema, "Wenye digrii huniambia tu 'imekataa'. Wewe umenisomea yote." Tangu siku hiyo akawa ananiuliza mimi.

Sasa nyinyi vijana mtaniuliza ile mashine ilikuwa ya nini. Ndani yake kulikuwa na broka. Niliposikia hivyo mara ya kwanza nilicheka, maana broka ninayemjua mimi ni yule wa Kawangware anayekuonyesha chumba ambacho kina mtu tayari. Huyu alikuwa programu. Maabara ikimaliza kupima damu, majibu yanapewa broka, naye anayaweka kwenye foleni mpaka kompyuta ya kliniki ije kuyachukua. Programu inayokuja kuchukua huitwa mteja. Hapo pia nilichanganyikiwa, kwa sababu kwetu mtu akiwa mteja ujue simu yake imezimwa, ukipiga unaambiwa "mteja hapatikani".

Nilinunua daftari. Kila neno la mashine nililiandika kwa maneno yangu. Mteja akigonga kwa broka na kujibiwa "refused", niliandika: nyumba ipo, mlango huo umefungwa. Ikiwa "timeout", niliandika: kimya, pengine nyumba haipo au kuna geti njiani. Hayo mawili msiyachanganye. La kwanza unatafuta mlango, la pili unatafuta njia. "Localhost" Injinia aliniambia ni mashine yenyewe, hapo ilipo. Nikaandika: hapa.

Miaka ikaenda. Meneja akahamishwa, akaja mwingine, huyu wa pili akinunua chai kwa wote, na Injinia akahamia Kabiro akawa mkubwa wa mitambo. Mimi jenereta nikaachiwa, lakini nikatumwa pia kwenye kliniki kuangalia wateja. Ndipo tukafika siku ninayotaka kuwaambia.

Injinia alikuwa ameweka broka mpya kwenye mashine mpya. Kliniki ya Gatwekera ndiyo ingehamia kwanza, nyingine zingefuata. Nilitoka nyumbani Kibera asubuhi nikashuka Gatwekera kwa miguu, laibrari mpya ikiwa kwenye flashi mfukoni. Laibrari si ya vitabu. Ni kazi iliyokwisha kufanywa na watu wengine, programu inaiazima ili isianze upya, na laibrari moja mara nyingi huitegemea nyingine. Broka mpya alitaka laibrari mpya.

Nikaiweka, nikawasha, ikakataa.

Sista, muuguzi mkuu wa pale, alikuwa ametoa kitabu cha zamani cha karatasi na kukiweka mezani. Kwenye benchi aliketi Mama Mwende, mgongoni mtoto mwenye homa ya siku tatu. Majibu ya damu ya mtoto yalikuwa kwa broka, na dawa ya kumpa ilitegemea majibu hayo. Kusomewa kwa simu Sista alikuwa amekataza, tangu mtoto mmoja aliposomewa majibu ya mwenzake wa jina moja.

"Mzee, nakupa mpaka saa nane," Sista akasema. "Ikikataa, huyu mama atatembea na mtoto mpaka Kabiro kuchukua karatasi. Na sisi tutarudi kwa karatasi, hiyo mashine yenu mje muibebe."

"Kabla ya saa nane nitakuwa nimemaliza," nikamwambia.

"Hivyo ndivyo fundi wa choo alisema, na choo unakiona."

Nikasoma skrini herufi kwa herufi. Mashine ilisema kuna kazi imeitwa kwenye laibrari na haipo. Nikafungua folda. Makosa yalikuwa yangu. Laibrari ya zamani nilikuwa nimeiacha palepale kando ya mpya, isije ikahitajika. Sisi watu wa Kibera hatutupi kitu. Chini ya kitanda changu kuna redio tatu zilizokufa. Lakini programu huchukua ile inayokutana nayo kwanza, na ilikuwa imechukua ya zamani, isiyoijua kazi mpya. Nikaitoa nje ya folda kabisa, nikawasha tena.

Ikapiga hatua. Ikamgonga broka, broka akaitika, halafu mara moja ikaandika "refused". Saa sita ikapita. Mtoto akalia, akanyamaza, na kule kunyamaza kukanitia hofu zaidi.

Nikampigia Injinia.

"Huku kwangu inaingia vizuri, mzee. Nimejaribu mara tatu."

"Umejaribu ukiwa wapi?"

"Niko kwa broka hapa."

Neno "hapa" likanigonga. Nikarudi kwenye skrini. Hodi ya kwanza ilikwenda Kabiro. Ya pili, iliyokataliwa, ilikwenda "localhost". Nikafungua daftari langu: hapa.

"Madam, mteja akifika kwa broka mara ya kwanza, broka humwambia nini?"

"Humpa anwani ya kumrudia."

"Basi anamwambia 'nirudie hapa'. Huko Kabiro, hapa ni kwa broka. Huku Gatwekera, hapa ni kwa Sista. Mteja anagonga mlango wake mwenyewe."

Nikasikia anabonyeza kibodi. "Aki mzee," akasema polepole, "hiyo anwani niliiacha vile ilikuja." Akaandika anwani kamili ya broka, akamzima na kumwasha.

Majibu yaliyokuwa kwenye foleni yakaingia yote kwa pamoja. Jibu la mtoto wa Mama Mwende lilikuwa la nne. Sista alilisoma mara mbili, akalinganisha jina na namba, akaenda kabatini kuchukua dawa. Aliporudi alikiondoa kitabu cha karatasi mezani. Saa nane ilikuwa haijafika.

"Fundi wa choo akuje ajifunze," akasema.

Nilistaafu macho yalipoanza kuchanganya O na sifuri, kwa maana kazi yangu yote ilikuwa herufi. Daftari nilimwachia Injinia. Amelichapa, nasikia wageni wa kazi hulisoma, na kwenye "hapa" ameongeza kwa mkono wake: uliza, pa nani?

Mimi pia nimebadilika. Mke wangu akinipigia kuniuliza niko wapi, zamani nilijibu kama kila mtu: niko hapa. Siku hizi namwambia, niko Gatwekera, kando ya reli, kwa yule mama wa samaki. Hulalamika kwamba naongea mengi. Lakini akinitafuta, hunipata.